Mzazi Mwenzio Akijitenga: Jinsi ya Kudai Malezi Mahakamani

Baba amemlea mtoto wa miaka minne peke yake tangu mama alipoondoka. Leo mama anatuma ujumbe: anamtaka mwanawe. Majirani wanamwambia baba asijisumbue, mtoto wa chini ya miaka saba ni wa mama. Hapa Tanzania sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaanza na dhana kwamba mtoto wa umri huo ni vema akae na mama, lakini ushahidi unaweza kuipindua. Kifungu hichohicho kinamtaka hakimu apime madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote.

Basi uwe baba au mama, jenga kesi yako juu ya mtoto. Uchungu wa kuachwa ni wa kweli, ila hakimu anatafuta jibu la swali jingine: akipata homa usiku, nani humbeba kwenda zahanati? Jibu kwa karatasi. Chukua kadi ya kliniki, fomu ya shule yenye jina la mzazi anayepigiwa simu, risiti za ada, na orodha ya miamala ya simu. Mwalimu wa darasa ni shahidi mzuri kuliko dada yako.

Nunua daftari, uandike tarehe: aliahidi kuja Jumamosi, hakutokea, alituma fedha, kiasi gani. Andika na mazuri yake pia. Na usifute ujumbe wowote, hata ule alioomba kumwona mtoto ukamkatalia. Hapa ndipo kesi nyingi hudhoofika, nami naomba ujipime kwa ukweli: amejitenga, au amefungiwa mlango? Kama ulimzuia kwa sababu ya kipigo, sema hivyo, na ulete fomu ya polisi ikiwa unayo.

Pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako mapema. Mahakama inaweza kumwagiza aandike taarifa ya uchunguzi, naye atafika nyumbani na kuzungumza na mtoto. Usimfundishe mtoto la kusema. Maneno ya mkubwa kinywani mwa mtoto hujulikana, na mzigo huo si wake.

Mwenzio akipelekewa wito ipasavyo asifike, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Toa namba na anwani zote unazozijua, hata za wazazi wake. Ukificha, amri inaweza kutenguliwa baadaye.

Omba na matunzo. Omba pia utaratibu wa kumwona mtoto, kwa sababu kujitenga peke yake hakumfutii mtoto haki ya kumjua mzazi wake. Pendekeza hatua ndogo: saa mbili Jumapili, mahali mtoto anapopajua, pamoja na mtu aliyemzoea.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawatozi ada.

Amri ikitoka, omba nakala zilizogongwa muhuri na upeleke moja shuleni. Hali ikibadilika, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba ibadilishwe, kwa hiyo lile daftari endelea kuliandika.