SOMO LA BUSTANI: KUOTESHA MICHE NYUMBANI BILA KITALU NYUMBA

Wakulima wa mkonge wa Ngombezi wanaijua vema kazi ya kitalu. Vikonyo, yaani vimiche viotavyo juu ya mlingoti wa mkonge, hukaa kitaluni mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupelekwa shambani, na baada ya hapo mkulima hungoja miaka mitatu hivi ndipo apate mkato wa kwanza. Katika muda huo wote nyumba inataka kitoweo, sabuni na madaftari ya watoto. Ndiyo sababu wanachama wengi hutafuta kipato cha bustani: nyanya, nyanya chungu, biringanya na pilipili.

Mkonge ni mmea mvumilivu, na hata huo una kiasi chake. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vikonyo 1000 kutoka Florida, Marekani, viletwe Tanga. Vilivyosalia hai ni 62 tu, na hivyo ndivyo vilivyoanzisha mashamba ya mkonge katika nchi hii. Mche wa nyanya hauna uvumilivu wa namna hiyo. Siku moja ya jua kali, au mvua moja ya kishindo, yatosha kumaliza kitalu kizima.

Baadhi ya wanachama hudhani kwamba miche bora haipatikani pasipo kitalu nyumba cha mabomba na nailoni, na wengine wamepata kuviomba vyama vyao viwakopee kimoja. Inafaa ieleweke kwamba katika nchi za Ulaya nyumba ya vioo hujengwa kwanza ili kuzuia baridi. Ngombezi haina baridi ya kuzuiwa. Mche wa hapa una adui wanne: jua la adhuhuri, matone makubwa ya mvua, udongo wenye maradhi, na wadudu. Kila mmoja wao huweza kupunguzwa nguvu kwa vitu vilivyomo uani, na nyumba ya nailoni isiyopitisha hewa katika joto la Korogwe huweza hata kuichemsha miche.

Kabla ya udongo, ni mbegu. Hapa katibu wa chama ana kazi kubwa kuliko ya mkulima mwenyewe. Chama kikinunua mbegu kwa jumla na kuwakopesha wanachama, deni huandikwa siku ile ile mbegu zinapotolewa. Miche isipoota, mwanachama husema mbegu ni mbovu, muuzaji husema kitalu ni kibovu, na deni hubaki palepale katika leja. Mkutano mkuu huweza kupoteza siku nzima katika shauri hilo bila kupata ukweli, kwa sababu hakuna aliyezijaribu mbegu zilipofika.

Jaribio lenyewe halina gharama. Katibu achukue mbegu 100 kutoka katika kila aina na kila shehena, azipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, akikunje, akiweke ndani ya sahani iliyofunikwa mahali penye kivuli, na kukinyunyizia maji kisikauke. Nyanya huanza kuchipua baina ya siku ya 5 na ya 10. Pilipili huchelewa, mara nyingine hata siku 14. Mbegu zilizochipua zihesabiwe mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, na hesabu iandikwe pamoja na tarehe, aina, jina la muuzaji na namba iliyo kwenye pakiti. Zikiota 85, mbegu ni nzuri. Zikiota 40, zirudishwe kwa muuzaji kabla ya mwanachama yeyote kutia sahihi ya deni. Chama kinunue tu mbegu zenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu (TOSCI). Lakini lebo haiondoi haja ya jaribio, kwa kuwa mbegu nzuri huweza kuharibika ghalani. Ghala la paa la bati, mbegu zikiwa zimewekwa kando ya mifuko ya mbolea na madawa, ni mahali pabaya kuliko pote. Debe kavu lenye mfuniko, chini ya kitanda cha katibu, ni afadhali.

Jaribio hilo humsaidia mkulima pia katika hesabu ya kitalu. Tuseme mwanachama anataka miche 400 ya nyanya. Akiipanda sentimita 60 kwa 75, itamtosha kwa eneo la mita 12 kwa 15. Ikiwa mbegu zimeota 60 kwa 100, basi hana budi kusia mbegu 667. Mstari wa mita 1, mbegu zikiwa sentimita 2 baina ya moja na nyingine, hupokea mbegu 50. Yaani mistari 14. Mistari ikiachana sentimita 15, kitalu chote ni upana wa mita 1 na urefu wa mita 2 na ushei. Hakizidi mkeka wa kulalia, na huweza kukaa nyuma ya jiko.

Mahali pa kitalu pasiwe palipopandwa nyanya, biringanya, pilipili, viazi mviringo wala tumbaku katika miaka mitatu iliyopita, maana mimea hii ni ya ukoo mmoja na maradhi yake ni mamoja. Udongo ulimwe, uchanganywe na samadi iliyooza kabisa, na tuta liinuliwe sentimita 15 hivi ili maji yasituame. Wanachama walio karibu na korona hupenda kutumia mabaki ya mkonge. Yafaa, lakini baada ya kuoza kwa miezi mingi. Yakiwa mabichi yana ukali na huunguza mizizi.

Udongo wa kitalu uuawe maradhi kwa moto. Njia ya kawaida ni kurundika mabua na nyasi kavu juu ya tuta, kuzichoma, na kuacha udongo upoe. Kwa anayeotesha katika makopo au vikombe vya majani ya mgomba, iko njia ya debe: maji kidogo chini, udongo wenye unyevu juu yake ukiwa umeinuliwa kwa vijiti, mfuniko, kisha moto. Kiazi kitamu kidogo kifukiwe katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva, na watoto hawatakosa cha kutafuna.

Mbegu zisiwe na kina cha kupita sentimita 1. Zikifukiwa, tuta lifunikwe kwa nyasi kavu na kumwagiliwa kwa kopo lililotobolewa kwa msumari mwembamba. Nyasi hizo ndizo huponza wengi. Mara vichipukizi vya kwanza vionekanapo, ziondolewe jioni ile ile. Zikiachwa siku mbili zaidi, miche hurefuka kama uzi ikitafuta mwanga, na haitapata nguvu tena.

Badala yake kijengwe kichanja cha makuti, kimo cha mita 1, upande wa mashariki ukiwa juu kidogo ili jua la asubuhi lipenye na lile la adhuhuri lizuiliwe. Makuti hayo ndiyo pia yanayovunja nguvu ya matone ya masika. Kumwagilia kufanywe asubuhi. Udongo unaolala umelowa hualika kinyausi. Ugonjwa huu huutambua kila aliyewahi kuotesha: shina hunywea pale linapogusana na udongo, na mche huanguka ukiwa bado wa kijani. Mche ulioanguka hauponi. Ung'olewe pamoja na jirani zake, maji yapunguzwe, makuti yapunguzwe ili hewa ipite, na iliyosongamana ihamishiwe katika vikombe vya migomba.

Inzi weupe ni jambo jingine. Wadudu hawa huleta ugonjwa wa kujikunja kwa majani ya nyanya, na mche ulioambukizwa kitaluni hauzai kitu cha maana. Wengi hufunika kitalu kwa chandarua kuukuu, lakini matundu yake ni makubwa kwa mdudu huyo. Kitambaa chepesi cha shashi, kilichotandazwa juu ya fito na kufukiwa pembeni kwa udongo, hufaa zaidi. Sota naye, yule funza akataye mashina usiku, hutafutwa asubuhi kwa kufukua udongo kando ya mche ulioanguka.

Kwa nyanya, kusia mwezi Mei na kuhamishia shambani mwezi Juni kuna manufaa, kwani mvua kubwa zimepungua na jua halijawa kali, ila maji ya kumwagilia yawe karibu. Nyanya huwa tayari baada ya wiki 4 hivi, pilipili wiki 6 hadi 8. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, makuti yaondolewe kidogo kidogo na maji yapunguzwe, mche uzoee taabu ya shambani. Siku yenyewe kitalu kiloweshwe sana, miche ing'olewe na udongo wake, na ipandwe jioni. Bamia, matango na matikiti hayamo katika somo hili. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, na husiwa moja kwa moja shambani.

Tengeru 97, aina iliyotolewa mwaka 1997, hustahimili minyoo fundo, na kwa kuwa si chotara mkulima huweza kujiwekea mbegu kutoka katika matunda ya mashina bora. Mbegu za chotara zisiwekwe, kwani kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Mbegu za vitunguu nazo hupoteza uhai upesi katika joto letu; katibu aagize za msimu mmoja tu, kwa kufuata hesabu ya miche iliyofika shambani msimu uliopita, na zitakazobaki zijaribiwe upya kwa kitambaa kabla ya kumkopesha mtu.