Difu ya Gari Kama Zana ya Kufundishia Uwiano

Mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha huambiwa mara kwa mara kwamba zana bora ni ile ipatikanayo katika mazingira ya shule. Agizo hilo ni jema, lakini aghalabu huishia kwenye vizibo vya soda, njiti na mawe ya kuhesabia. Makala haya yanaeleza zana nyingine, nzito na yenye grisi, ambayo haikosekani katika karakana za Kibaha na Kisarawe, nayo ni difu ya gari. Nitaeleza kwanza jinsi tulivyoifungua na kuiunda upya nyumbani, kisha jinsi ilivyotumika darasani. Sehemu ya kwanza itakuwa ndefu kuliko ya pili, maana humo ndimo nilimofanya kosa ambalo sipendi mwanachuo yeyote alirudie.

Gari lenyewe ni Land Rover fupi ya aina ya Series III, niliyorithi kwa mjomba wangu. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Kila nilipopanda vilima vya Pugu kurudi Kisarawe, sehemu ya nyuma ilivuma, na baada ya miezi michache uvumi ukawa mngurumo. Fundi mmoja wa Maili Moja, Kibaha, alilisikiliza mara moja tu akasema beringi za difu zimekwisha.

Tuangalie kazi ya chombo hiki. Nguvu ya injini hufika nyuma kwa shafti ndefu, ambayo mwishoni ina gia ndogo iitwayo pinyoni. Pinyoni huzungusha gurudumu kubwa la meno, yaani krauni. Krauni nayo imefungwa kwenye kikasha chenye gia nne ndogo: mbili zimeshika shafti za magurudumu, kulia na kushoto, na mbili zimekaa katikati zikiziunganisha. Gari likienda moja kwa moja, gia hizo nne huzunguka pamoja na kikasha kama kitu kimoja. Likipinda kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na hapo gia za katikati huanza kujizungusha, zikipunguza mwendo upande mmoja na kuongeza kiasi hicho hicho upande wa pili. Kwa hiyo jumla ya mizunguko ya magurudumu mawili daima ni mara mbili ya mizunguko ya krauni. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni mpango huu mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, zamani kabla ya gari la petroli.

Maelezo hayo nimeyaandika ubaoni kwa miaka sita, pamoja na mchoro mzuri wa rangi tatu. Wanachuo waliunakili, nami nikaamini kwamba ninaijua difu.

Jumamosi ya kwanza ya kazi walikuja wanachuo wawili kunisaidia. Ua wa nyumba yangu una mteremko mdogo, ambao mtu hauoni mpaka mvua inyeshe. Nilivuta breki ya mkono, nikaweka jeki, nikainua gurudumu la nyuma la kushoto ili tulizungushe na kusikia mngurumo unatoka wapi. Sikuweka kabari. Breki ilikuwa imevutwa, nami niliiamini. Mwanachuo mmoja alikuwa amechutama akipapasa chini ya ekseli, na mara alipoutoa mkono wake kufuta jasho, gari likaanza kuteremka. Jeki ililala, gurudumu likadunda chini, na gari likaenda hatua nane hivi hadi kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Hakuna aliyeumia. Tulisimama kimya, kisha mwanachuo yule akauliza kwa adabu: “Mwalimu, mbona breki ilikuwa imevutwa?”

Sikuwa na jibu la papo hapo, na nilikiri hivyo. Tulikaa chini ya mwembe tukachora mchangani. Katika Land Rover za aina hii breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi. Shafti ikishikwa, krauni haizunguki, yaani mizunguko yake ni sifuri. Mara mbili ya sifuri ni sifuri. Basi gurudumu moja likienda mbele, la pili halina budi kurudi nyuma kwa kiasi hicho hicho ili jumla ibaki sifuri. Magurudumu yote mawili yakiwa chini, ardhi inakataza jambo hilo, na gari linatulia. Ukiinua moja, lililoinuliwa liko huru kuzunguka kinyume, na lililobaki chini linabingirika bila kizuizi. Kanuni niliyoiandika ubaoni miaka sita ndiyo iliyoliteremsha gari langu, wala sikuwa nimewahi kuiuliza inasema nini juu ya breki.

Kwa hiyo, mwanachuo, kabla ya jeki weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na usimruhusu mtu yeyote kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kumbuka pia kwamba shafti za magurudumu zikishachomolewa, breki hiyo haishiki kitu chochote, hata kama magurudumu yote manne yako chini.

Kufungua si kugumu. Tulimwaga oili ya zamani katika karai, tukaona ndani yake vumbi la chuma linalong'aa. Tulichomoa shafti mbili za magurudumu, tukafungua bolti nne za shafti ndefu, kisha nati zinazoshikilia difu kwenye nyumba ya ekseli. Difu hutoka nzima kwa mbele, na ni mzigo wa watu wawili. Kabla ya kuondoa kofia za beringi tulizitia alama za nukta kwa patasi na nyundo: nukta moja kushoto, mbili kulia. Kofia hizo zilichongwa pamoja na nyumba yake, na zikibadilishana nafasi beringi haitakaa sawa. Beringi za pinyoni zilikuwa nzima, nasi tukaziacha; kuzibadilisha kunahitaji shimu na vipimo ambavyo mtu wa nyumbani afadhali ampelekee fundi.

Beringi mpya za pembeni zilinunuliwa Dar es Salaam. Kazi ya uvumilivu ikawa kurekebisha nafasi baina ya meno ya krauni na ya pinyoni, ambayo kwa difu hii ni milimita 0.20 hadi 0.25. Nati mbili za pembeni huisogeza krauni kulia au kushoto: legeza huku, kaza kule kwa kiasi kile kile. Fundi wa Maili Moja alituazima geji, akakaa nasi alasiri nzima bila kuigusa spana hata mara moja. Kila tulipokosea alisema tu, “Pimeni tena.” Nimeona wakufunzi wachache wenye subira hiyo, nami simo. Mwisho tulipaka meno rangi nyembamba, tukazungusha, tukatazama alama: ikiwa katikati ya jino, meno yanakutana vema.

Kabla ya kuirudisha garini, difu iliyosafishwa ilipelekwa katika shule moja ya msingi ya Kisarawe, Darasa la Sita. Mwanachuo aliyefundisha hakusema neno “uwiano” kwa dakika kumi za kwanza. Aliwapa makundi chaki, akawataka waweke alama kwenye jino la kwanza na kuhesabu. Kwa pinyoni wote walipata 10. Kwa krauni kundi moja lilipata 46, lingine 48. Hakuwasahihisha, aliwaacha wabishane na kuhesabu upya mpaka wote wakafika 47. Uwiano wa 47 kwa 10 ulipoandikwa ubaoni, ulikuwa mali yao.

Kisha akauliza kwa nini mtengenezaji hakuchagua 40 kwa 10, hesabu iliyo nyepesi. Hapa somo lilipanda. Kwa 40 kwa 10, kila jino la pinyoni lingekutana na meno yale yale manne ya krauni siku zote, na jino lenye kasoro lingewala hao hao. Lakini 47 ni namba tasa. Kigawe kidogo cha shirika cha 47 na 10 ni 470, hivyo kila jino hukutana na kila jino kabla ya mzunguko kuanza upya, na ulaji hugawanyika sawa. Mada ya K.D.S., ambayo wanafunzi huiona kama adhabu, ilipata kazi ya kufanya. Nina lawama moja: wavulana walilizunguka karai na wasichana wakabaki wakiandika. Mwanachuo aligundua somo likiwa karibu kwisha. Panga makundi kabla ya kuingiza zana.

Nje ya darasa, wanafunzi wawili walishika fimbo ya mita 1.3, takriban upana baina ya magurudumu ya gari lile, wakatembea nusu duara. Wa nje alizidi kwa kiasi cha mita nne. Waliporudia kwa nusu duara kubwa zaidi walishangaa kuona ziada ni ile ile.

Kabla ya kengele msichana mmoja aliuliza: gari likikwama kwenye tope na gurudumu moja likazunguka bure, je, difu imesaidia au imeharibu? Mwanachuo alijibu kwamba hajui, na kwamba atakuja na jibu Alhamisi. Jioni tulilifanyia kazi pamoja. Difu hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa pande mbili. Gurudumu lililo kwenye tope halidai nguvu nyingi, basi na lililo pakavu hupewa hiyo hiyo kidogo. Alhamisi gari lilikuwa limeshaunganishwa na kutiwa oili ya gia namba 90, lita 1.75. Alimwaga ndoo tatu za maji kwenye kona ya uwanja, akawaweka wanafunzi nyuma ya mstari wa chokaa, mbali na gari, akanipa ishara niwashe injini.