Kiwanja kitupu hakina LUKU, nani akiandikishe?

Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU. Mpangaji wa chumba kimoja Kariakoo akinunua umeme, kodi ya nyumba ya mtu inatoka mfukoni mwake. Nauliza: kile kiwanja kilichozungushiwa mabati, nyumba ya Kiswahili imevunjwa na ghorofa halijajengwa, kina mita gani?

Tusichanganye mambo. Kodi ya majengo inafuata jengo. Pasipo jengo hakuna kodi. Pango la ardhi linafuata kiwanja, kijengwe kisijengwe, nalo hulipwa na mwenye hati. Basi anayesubiri bei ipande analipa pango tu, tena kama yumo daftarini.

Nani aviandikishe viwanja hivi? Wizara ya Ardhi ina kumbukumbu za hati, lakini hati haisemi kuwa nyumba imevunjwa. Halmashauri ya Jiji inatoa vibali vya ujenzi, lakini asiyejenga haombi kibali. Anayejua ni Serikali ya Mtaa, maana mwenyekiti wake anapita hapo kila siku.

Kwa maoni yangu, mwenye kiwanja alazimike kukitangaza, ofisi ya mtaa ihakiki, Halmashauri itunze daftari na orodha ibandikwe hadharani. Lakini mtaa usipokee hata senti moja. Anayeandika akiwa ndiye anayekusanya, jina la tajiri litafutika na la mjane litabaki.

Hapo pana tahadhari. Si kila kiwanja kitupu ni cha mlanguzi. Mzee amefariki, mirathi haijagawanywa, nyumba imeanguka, warithi wako mahakamani. Vingine ni wakfu. Daftari lioneshe sababu, na wenye udhuru wapewe muda. Kuandikwa huko kutawalinda pia, kwani kiwanja kinachojulikana na mtaa mzima ni vigumu kuuzwa gizani.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimwekea ukomo wa miaka mitatu aliyezungushia ardhi mfu bila kuihuisha. Kweli, ile haikuwa na mwenyewe, nasi tunazungumzia viwanja vyenye hati. Lakini funzo liko wazi: kuzungushia si kuendeleza.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, tusikae nyumbani. Twende tukaulize: daftari la viwanja vitupu liko wapi, na nani analiandika?