Dondoo muhimu: Ukitaka programu ya kukagua msimbo iboreshwe

Usianze na kitufe unachokitaka. Anza na kinachokukwamisha. "Ongezeni kichujio" haimwambii mtengenezaji kitu. Andika hivi: "Msimbo ukirudi umesahihishwa, nalazimika kusoma faili zote upya. Nataka kuona tu kilichobadilika tangu nilipokagua mara ya mwisho." Ambatisha picha ya skrini na utaje toleo unalotumia.

Ila chungulia kwanza, huenda unachokitaka kipo tayari. Kwa mfano, programu ya Gerrit hulinganisha matoleo ya badiliko moja, na GitHub huweza kuficha mabadiliko ya nafasi tupu, ingawa mpangilio wenyewe umejificha kweli.

Ombi moja, jambo moja. Ukikuta mwenzako ameshaliomba, usifungue jingine: ongeza mfano wako chini ya lake.