Dondoo muhimu: Gigabaiti 69 zimeenda wapi?

Mnunuzi amelipia diski ya terabaiti 1, akaichomeka, Windows ikamwonyesha gigabaiti 931. Asiende kugombana na muuzaji kwanza. Baiti zote trilioni 1 zimo. Kinachotofautiana ni hesabu. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali kwa Windows ni 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Ndiyo maana diski ya 500 nayo husomeka 465. Apple waliachana na hesabu hiyo ya 1,024 kwenye Mac mwaka 2009.

Upungufu ukizidi hapo, kuna la kuchunguza. Kompyuta mpya huja na sehemu iliyofichwa ya kurejesha mfumo, hiyo isiguswe. Kwenye Disk Management ya Windows, eneo lenye mstari mweusi lililoandikwa Unallocated ni nafasi isiyogawiwa bado. Nalo faili la hiberfil.sys, linalohifadhi kazi kompyuta inapolazwa, hula gigabaiti kadhaa kimyakimya.

Flashi ya bei ya kutupa inayojidai terabaiti 2 ni kesi nyingine kabisa: hiyo huidanganya kompyuta yenyewe. Programu ya bure ya H2testw huijaza pomoni, kisha huisoma upya na kuiumbua.