Mimba ya wiki 25 ikikatishwa ili mama aishi, tumeua?

SWALI: Daktari, mke wangu ana ujauzito wa wiki 25. Presha imefika 175 kwa 115, amevimba uso, kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli. Hospitali wanasema mimba haiwezi kuendelea, na mtoto huenda asiishi. Mama mkwe amekataa katakata. Anasema roho imeshapuliziwa, na kutoa mimba ya karibu miezi sita ni kuua. Niweke saini au nisiweke? – Baba Aisha, Tanga

JIBU: Baba Aisha nilimpigia siku ile ile, maana presha ya namna hiyo haingoji gazeti litoke. Swali lake nalileta hapa kwa sababu limo katika wodi nyingi za wazazi, na huwa linajadiliwa kwa kunong'ona koridoni huku mgonjwa anazidi kuzidiwa.

Kwanza, saini. Mama akiwa na fahamu zake, saini inayotakiwa ni yake. Mume na mama mkwe wana haki ya kuelezwa akiridhia, wana haki ya kulia, lakini mwenye kuamua ni aliyelala kitandani.

Sasa ugonjwa wenyewe. Hizi ni dalili za kifafa cha mimba, na chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolipelekea damu haikupanuka inavyostahili tangu mimba changa. Kondo likikosa damu ya kutosha, humwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazojeruhi mishipa ya mwili mzima: figo zinavujisha protini, ini linauma chini ya mbavu za kulia, macho yanaona nyota, mwishowe ubongo unapata degedege au mshipa unapasuka. Dawa za presha zinapunguza hatari ya kiharusi. Sindano za magnesiamu zinazuia degedege. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa zinapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Lakini hakuna dawa inayoponya. Ugonjwa huanza kurudi nyuma kondo likishatoka, na kondo haliwezi kutoka mtoto akabaki.

Ndiyo maana umri wa mimba ni kila kitu. Ingekuwa wiki 32, swali la kuua lisingekuwepo kabisa: mama angechomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, angezalishwa, na mtoto njiti angebebwa kifuani kwa mtindo wa kangaroo. Kati ya umri ambao mtoto anaweza kuishi na wiki 34, Shirika la Afya Duniani linaruhusu kusubiri kwa uangalizi wa karibu, mradi presha inatulia na viungo vya mama havijaanza kushindwa. Kama mtoto hajafika umri wa kuishi, na hatarajiwi kuufikia ndani ya wiki moja au mbili, shirika hilo linashauri mama mwenye hali kali aanzishiwe uchungu. Wiki 25 ziko kwenye mpaka. Hospitali yenye mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha inaweza kumpigania mtoto huyo. Kwingine nafasi yake ni ndogo mno. Lakini kwa mkeo, mwenye presha isiyoshuka na macho yanayoona vimulimuli, kusubiri hakumwokoi mtoto. Mama akifa, mtoto wa wiki 25 anakufa naye.

Kwa hiyo, Baba Aisha, sikubaliani na neno alilotumia mama mkwe, ingawa uchungu wake nauelewa. Na dini yake haiko mbali na daktari kama anavyodhani. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka lilisema kwamba baada ya siku 120 mimba haitolewi hata mtoto akiwa na ulemavu, isipokuwa madaktari bingwa waaminifu wathibitishe kuwa kuiacha kutahatarisha maisha ya mama; hapo inaruhusiwa ili kuepuka dhara lililo kubwa zaidi. Kanisa Katoliki linakataza kabisa kutoa mimba kwa makusudi, lakini linakubali tiba ya ugonjwa mzito wa mama isiyoweza kungoja, hata kama itamgharimu mtoto. Iwapo kumzalisha mama mapema namna hii kunaingia katika tiba hiyo, wanazuoni wake wanavutana.

Sheria yetu nayo ina mlango. Kanuni ya Adhabu inaadhibu utoaji mimba, na kwa mtoto anayeweza kuzaliwa hai, ambapo wiki 28 ndizo kipimo, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Hata hivyo kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Nasikitika kwamba wahudumu wengi wanakumbuka adhabu na kusahau kinga. Ireland ililipa kwa woga wa aina hiyo mwaka 2012: Savita Halappanavar, mimba ikiwa wiki 17 na kuharibika kwake hakuzuiliki, aliomba isitishwe akakataliwa kwa kuwa moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga. Alikufa kwa maambukizi ya damu. Mwaka 2018 wananchi walipiga kura kubadili katiba.

Mjadala mgumu kweli uko kwingine: mama ni mzima, lakini ultrasaundi ya wiki ya 26 inaonyesha mtoto hana fuvu wala sehemu kubwa ya ubongo. Huyo hataishi zaidi ya saa au siku chache. Uingereza inaruhusu mimba hiyo kukatishwa hata baada ya wiki 24, kwetu hairuhusiwi. Wapo madaktari wanaoona ni ukatili kumbebesha mama jeneza kwa miezi mitatu, na wapo wazazi waliotaka kumshika mwanao hata kwa saa moja na hawakujuta. Mimi naamini mzazi huyo anastahili kuchagua. Nikikutana naye leo, wajibu wangu ni kumpa ukweli wote, kumpunguzia maumivu, na kutomwacha akabeba peke yake.

Mke wa Baba Aisha alikubali kuanzishiwa uchungu. Njia hiyo mara nyingi ni bora kuliko kisu, kwa sababu katika wiki hizi mfuko wa uzazi hulazimika kukatwa sehemu ya juu, na kovu hilo ni hatari kwa mimba zijazo. Presha yake ipimwe mara kwa mara mpaka wiki ya sita baada ya kujifungua, maana degedege huweza kuja hata mtoto akishatoka. Akishika mimba tena, aende kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, aeleze yaliyompata, aandikiwe aspirini ya dozi ndogo.