Je, Yafaa Kufuga Mbwa na Paka?

Watu wengi wa sharika zetu huuliza neno hili: Yafaa nini kufuga mbwa au paka? Ng'ombe atupa maziwa na samadi, kondoo atupa nyama, kuku atupa mayai. Lakini mbwa hula tu, na paka hulala jikoni karibu na moto. Wengine hujibu upesi kwamba wanyama hao ni wa bure. Wengine hufuga watano au sita bila kufikiri. Basi na tulipime neno hili, maana si dogo. Laweza kugusa uhai wa mtoto.

1. Faida yake

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza aliyefugwa na wanadamu. Wataalamu wasema amekaa nasi zaidi ya miaka 10,000, kabla ya ng'ombe na kondoo. Hakukaa bila sababu. Usiku wa ukungu hapa Bulongwa, mtu asipoona hata hatua kumi, mbwa husikia na kunusa, naye humjulisha mwenye nyumba kwamba yuko mtu njiani. Paka naye hulinda mahindi na ngano. Methali yasema, paka akiondoka panya hutawala, na kila mama aliyeweka mbegu darini aijua kweli yake.

Tena iko faida isiyopimwa kwa debe. Wilaya yetu ya Makete ilipigwa sana na UKIMWI, na watoto wengi walilelewa na bibi zao. Mtoto aliyepewa mnyama wa kumlisha hujifunza kwamba kiko kiumbe kinachomngojea, naye huzoea kutunza. Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha mfalme Daudi dhambi yake, alimsimulia habari za maskini aliyemlea mwana-kondoo mmoja pamoja na watoto wake. Daudi aliyekuwa mchungaji alielewa mara moja, akakasirika. Kwa hiyo kumpenda mnyama si upuuzi.

2. Gharama yake

Walakini kila faida ina gharama yake. Zamani wengi walifuga mbwa kwa ajili ya kuwinda. Lakini tangu mwaka wa 2005 Kitulo ni Hifadhi ya Taifa, na kuwinda humo ni kosa la sheria. Mbwa asiye na kazi wala chakula huzurura. Mwenyewe husema, "Atajitafutia." Atajitafutia wapi? Atakula mayai ya jirani, kisha kuku wa jirani, kisha mwana-kondoo wa mjane. Hivyo aliyekataa kumlisha mbwa wake amewalazimisha wengine kumlisha.

Wengine huwapiga mbwa ili wawe wakali, au huwafunga mchana kutwa pasipo maji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka wa 2008 yakataza ukatili wa namna hiyo. Na kabla ya sheria hiyo, kitabu cha Mithali, sura ya 12, kilikwisha kuhesabu utunzaji wa mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki.

3. Hatari yake

Gharama iliyo kubwa kupita zote ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hauletwi na uchawi. Ni virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, huingia jerahani na kusafiri katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Mara nyingi mtu hukaa miezi miwili au mitatu bila dalili yo yote, akidhani amepona. Lakini dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Yakadiriwa kwamba watu 59,000 hivi hufa duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kumi karibu wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa.

Hata hivyo iko njia ya kuokoka. Mwaka wa 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Tangu hapo dawa ya chanjo ipo, nayo imetengenezwa vizuri zaidi.

Basi, je, tuwaue mbwa wote? Hapana. Kuua mbwa ovyo hakujaushinda ugonjwa huu. Kuwachanja ndiko kunakoushinda, wakichanjwa 70 katika kila mbwa 100. Tuna mfano katika nchi yetu wenyewe. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa, na kufikia mwaka wa 2014 ugonjwa ulikuwa umekoma. Kisha uchanjaji ukalegea, na mwaka wa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka bara. Watu wakarudia kuchanja mbwa kila mwaka, na mwaka wa 2018 ukakomeshwa tena. Kulegea ndiko kulikoufungulia mlango.

4. Tufanyeje?

Anayetaka kufuga ahesabu kwanza. Awe na chakula cha kila siku, maji, na mahali pa kulala. Afuge mmoja anayemweza, kuliko sita wanaozurura. Mbwa na paka wapelekwe kwa bwana mifugo wachanjwe, na chanjo irudiwe kama atakavyoagiza.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15. Halafu aende hospitali siku ile ile, asingoje dalili, wala asitosheke na dawa za miti shamba. Mtoto asiogopeshwe kwa fimbo, asije akaficha jeraha lake.

Basi twajibu hivi: yafaa kufuga, ikiwa mwenye kufuga ndiye alipaye gharama. Lakini ikiwa gharama italipwa na kuku wa jirani au na mtoto wa jirani, haifai, hata kama mbwa huyo ni mlinzi hodari.

Maswali ya kujifunza

1. Mbwa wangapi katika kijiji chetu wamechanjwa mwaka huu? Nani atawahesabu?
2. Mwenye mbwa ana deni gani kwa jirani yake?
3. Kwa nini jeraha dogo lisidharauliwe?
4. Tutawafundishaje watoto kusema upesi wanapoumwa?